Kabla ya Leseni, Soma Hati ya Kiwanja: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua zilizonifikia msimu huu wa korosho zina swali moja lenye sura nyingi. Mtu ana nyumba, ndani ya nyumba ana kazi inayompa riziki, na siku moja Afisa Biashara anapita mtaani akiwa na mtendaji wa kata na kumuuliza leseni iko wapi. Nimechagua barua saba, nikazifupisha na kuondoa majina ya waandishi. Zile zenye mambo mazito nimezijibu kwa kirefu, na nyingine nimezipitia haraka.

Shikamoo. Ninaishi Likombe, Manispaa ya Mtwara-Mikindani, katika nyumba niliyojenga na marehemu mume wangu. Ninakaanga karanga na korosho, ninafunga pakiti ndogo, na mwanangu anazipeleka madukani na stendi. Nilipokwenda kuomba leseni niliambiwa kwamba kiwanja changu ni cha makazi. Jirani anasema lazima nibadili matumizi yawe ya biashara, na fedha ya kazi hiyo sina. Nifanyeje?
*Mama wa watoto wanne, Likombe*

Marahaba, mama, na pole kwa kuondokewa na mwenzako. Jirani yako ana nia njema, lakini amekuonyesha mlango wa mwisho kabla hujabisha hodi kwenye ule wa kwanza.

Mambo mawili yamechanganywa hapa. La kwanza ni matumizi ya ardhi, ambayo yanasimamiwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 pamoja na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kiwanja kilichopimwa mjini huwa kimepangiwa kazi yake katika mchoro wa mipango miji, iwe makazi, makazi na biashara, biashara, taasisi au viwanda vidogo, na kazi hiyo ndiyo inayoandikwa miongoni mwa masharti ya hati yako. La pili ni leseni, ambayo inatawaliwa na Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, nayo hutolewa kwa mtu fulani, kwa biashara fulani, mahali fulani palipotajwa. Watu wengi hukimbilia leseni kwanza kwa sababu ndiyo inayoulizwa mlangoni, wakati swali la mahali ndilo linalozuia maombi yao. Nilipokuwa mtumishi katika halmashauri moja ya kusini niliona majalada mengi yakirudishwa si kwa sababu biashara ilikuwa mbaya, bali kwa sababu namba ya kiwanja iliyoandikwa kwenye fomu haikuwa ile iliyomo katika hati, au kiwanja chenyewe kilikuwa cha kazi nyingine kabisa.

Sheria ya Mipango Miji inataka ridhaa ya mamlaka ya upangaji kabla mtu hajabadili matumizi ya ardhi yake. Kwa hiyo ninachokushauri ni kumuuliza Afisa Mipango Miji wa Manispaa swali lililo sahihi. Usimwulize, "Ninataka kubadili matumizi, ni kiasi gani?" Ukiuliza hivyo utapewa gharama za kubadili matumizi. Mweleze unachofanya kama kilivyo: unakaanga kwa sufuria ngapi, unatumia mkaa au gesi, mnafanya kazi wangapi, wateja hawaji nyumbani kwa kuwa mzigo hupelekwa madukani, hukujenga fremu mbele ya nyumba, na chumba cha kulala bado ni chumba cha kulala. Kisha mwombe aje aone, na jibu lake akupe kwa maandishi. Nyumba ambayo bado ni nyumba, na ndani yake mna kazi ya mikono ya mwenye nyumba, haiko sawa na nyumba iliyogeuzwa karakana, na ofisa anayefahamu kazi yake ataiona tofauti hiyo. Barua yake, hata ikiwa ya aya moja, ndiyo utakayoiambatanisha na maombi ya leseni.

Leseni ya biashara ya ukubwa wako hutolewa na Halmashauri, kwa sababu iko katika Kundi B. Kundi A ni la biashara kubwa na zile za kimataifa, nalo linashughulikiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Maombi siku hizi hupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI. Andaa kitambulisho cha taifa na namba ya mlipakodi, ambayo TRA huitoa bila malipo, pamoja na uthibitisho wa mahali unapofanyia kazi. Ukitumia jina lako mwenyewe hulazimiki kusajili jina la biashara, lakini ukitaka kuandika kwenye pakiti jina jingine, hata liwe la kitoto chako cha mwisho, lisajili BRELA kwanza. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu. Usimpe mtu fedha mkononi, awe amevaa koti la aina gani.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, ambako nina wasiwasi nawe zaidi kuliko kwenye hati. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango, kwa hiyo jengo linalotengenezewa chakula cha kuuza, pamoja na bidhaa yenyewe, vinatakiwa kutambuliwa huko. Usiogope jina hilo kubwa. Mjasiriamali mdogo hupitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambao wana ofisi hapo Mtwara, akapata mafunzo na barua ya utambulisho, na TBS huwa na utaratibu wa kuwahudumia bila malipo katika hatua za mwanzo watu wanaoletwa kwa njia hiyo. Afisa Afya wa kata naye atakuja kukagua. Atatazama maji unayotumia, choo kilivyo mbali na jiko, mahali karanga zinapoanikwa kama kuku wanapita, na atakuuliza cheti cha vipimo vya afya kwa kila anayeshika chakula, vipimo ambavyo hurudiwa kila baada ya miezi sita.

Ninajua pia jinsi pakiti hizo zinavyofungwa, maana nimeziona tangu utotoni: mdomo wa nailoni unakunjwa, unapitishwa juu ya moto wa mshumaa, unabanwa kwa vidole, na kati ya pakiti kumi mbili huwa na tundu la kupitisha hewa. Karanga zikipata unyevu huota ukungu, na ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo haiondoki hata ukizikaanga upya. Kimashine cha umeme cha kufungia nailoni kinakaa juu ya meza na hakihitaji fundi. Vifungashio navyo viwe vile vinavyoruhusiwa kwa chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kifungashio cha chakula kisigeuzwe mfuko wa kubebea. Juu ya pakiti pawe na jina la bidhaa, jina lako na mahali ulipo, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika.

Jambo la mwisho, mama yangu: korosho hizo unazipata wapi? Ukinunua zilizokwisha kubanguliwa kutoka kwa mbanguaji anayetambulika, tunza risiti. Ukinunua korosho ghafi kwa visado mlangoni mwa mkulima, hiyo ni kangomba, na hakuna leseni ya Halmashauri itakayokuokoa, kwa sababu korosho ghafi huuzwa kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani chini ya usimamizi wa Bodi ya Korosho, ambayo makao yake makuu yapo hapo hapo Mtwara. Isitoshe, kubangua korosho ghafi uani ni kazi ya aina nyingine kabisa. Mafuta ya ganda huunguza ngozi, na moshi wake huwafikia majirani kabla ya harufu ya korosho. Hapo Afisa Mipango Miji angekuwa na haki ya kukujibu tofauti.

Nina nyumba ya vyumba sita Shangani, Mtwara, ufukweni karibu. Watoto wamehamia Dar es Salaam na Dodoma. Ninataka kuifanya nyumba ya kulala wageni. Hati inasema makazi. Wakati wa ujenzi wa bomba la gesi wengi walifanya hivyo bila kuulizwa. Kwa nini mimi niulizwe?
*Mstaafu, Shangani*

Mzee wangu, ni kweli kwamba katika miaka ile ya bomba, kabla halijazinduliwa mwaka 2015, kila mwenye nyumba Shangani alipata mpangaji mwenye kofia ngumu, na nyumba nyingi zikawa ofisi au mahali pa kulala wageni kabla karatasi hazijazifuata. Lakini jirani kutoulizwa hakukupi wewe haki, na sasa hivi wanunuzi na mabenki huomba karatasi hizo kabla ya kukufikiria.

Tofauti na mama wa Likombe, wewe unabadili matumizi kweli. Nyumba haitakuwa tena makazi ya familia. Itakuwa na watu wa kuja na kwenda usiku, magari, maji taka mengi kuliko ya kaya moja, na pengine jiko la biashara. Utaandika maombi kwa Mkurugenzi wa Manispaa kupitia idara ya mipango miji, ukiambatanisha nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi zilizolipwa mpaka mwaka huu, mchoro wa kiwanja ukionyesha jengo, maegesho na shimo la maji taka, na maelezo ya kwa nini unataka kubadili. Mabadiliko hayo hutangazwa ili mwenye pingamizi alitoe. Yatajadiliwa na kamati ya Halmashauri inayoshughulikia mipango miji, kisha yatakwenda mbele kwa uidhinishaji, na yakikubaliwa hati itarekebishwa ili isome matumizi mapya. Ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa ipo Mtwara tangu ofisi hizo zilipofunguliwa mikoani mwaka 2020, kwa hiyo hulazimiki tena kwenda Dar es Salaam na bahasha kwapani kama tulivyokuwa tukifanya.

Mambo matatu watu huyasahau. Kwanza, hati ikibadilika, kodi ya pango la ardhi nayo hubadilika, kwa kuwa kiwango cha biashara ni kikubwa kuliko cha makazi. Ukikosa wageni kwa miezi sita, kodi hiyo itakuja vilevile. Pili, ukianza kazi kabla ya kibali unakuwa umevunja sharti la hati, na Sheria ya Ardhi inampa Kamishna uwezo wa kukutumia ilani, kukutaka urekebishe, na katika hali mbaya kuanzisha utaratibu wa kubatilisha milki. Sijaona mtu wa Shangani akinyang'anywa nyumba kwa sababu ya vyumba sita vya wageni, lakini nimeona mtu akishindwa kuuza kwa bei nzuri kwa sababu ilani ilikuwa ndani ya jalada. Tatu, majirani. Pingamizi nyingi huwa hazihusu sheria. Huhusu muziki, magari yanayozuia lango, na hofu ya nyumba kuwa danguro. Watembelee wewe mwenyewe kabla ya tangazo kutoka, kaa nao barazani, waeleze lango litafungwa saa ngapi na kwamba hutauza pombe. Maelewano ya barazani yatakufaa siku kamati itakapokaa.

Baada ya hapo ndipo leseni inakuja, pamoja na ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na wa Afisa Afya. Ukitaka kupokea watalii rasmi, kuna pia leseni za malazi chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ambazo husimamiwa na wizara inayohusika na maliasili na utalii.

Tumeachiwa nyumba na mjomba wetu Mikindani, kando ya barabara kuu ya Lindi. Ninataka kujenga fremu mbili mbele, moja niuze vifaa vya simu na nyingine nipangishe. Hati bado ina jina la mjomba. Watoto wake wanasema nyumba ni yao, na sisi wapwa kwa mila yetu tunasema ni yetu. Mtendaji amekataa kusaini fomu yangu.
*Mpwa, Mikindani*

Mtendaji amefanya vizuri, ingawa najua hupendi kusikia hivyo. Kwa mila za wengi wetu huku kusini, Wamakonde, Wamwera na Wayao, mpwa wa upande wa mama ana nafasi yake, na nyumba ya mjomba ni nyumba ya ukoo. Lakini fomu ya leseni haimuulizi ukoo. Inauliza ni nani mwenye haki ya mahali hapo, na marehemu hawezi kusaini.

Njia iliyo salama ni kufungua shauri la mirathi, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, mkipeleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo ulioteua mtu anayependekezwa kuwa msimamizi. Mahakama ndiyo itakayoamua msimamizi ni nani na mirathi igawanywe kwa sheria ipi, ya mila, ya Kiislamu au ya kiserikali, kwa kuangalia jinsi marehemu alivyoishi. Watoto wa mjomba watakuwa na nafasi ya kusema yao, nanyi mtasema yenu. Msimamizi akishateuliwa, sahihi yake ndiyo itakayotambulika katika mkataba, kibali cha ujenzi na maombi ya leseni. Mkijenga fremu kabla ya hapo mtakuwa mmejenga juu ya ugomvi, na atakayeshinda shauri atachukua na matofali yenu.

Sasa fremu zenyewe. Hilo ni jengo jipya, kwa hiyo linahitaji kibali cha ujenzi cha Manispaa hata kama ni chumba kimoja cha tofali za saruji na bati. Tena liko kando ya barabara kuu, na hifadhi ya barabara hizo ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Chukua futi ya fundi, simama katikati ya lami mapema asubuhi kabla malori hayajaanza kupita, mtu mwingine ashike upande wa pili, mpime hadi kwenye ukuta wa baraza lenu. Ukiona baraza lenyewe limo ndani ya mita hizo 30, usitupe fedha kwenye msingi. Nimeona fremu nzuri zikiwekewa alama nyekundu ya X, mwenye nyumba akisema aliruhusiwa na mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti hana mamlaka juu ya hifadhi ya barabara. Mamlaka hayo kwa barabara kuu ni ya TANROADS.

Kuhusu fremu ya kupangisha, kumbuka kwamba mpangaji wako ataomba leseni yake mwenyewe kwa biashara yake. Leseni yako ya vifaa vya simu haitamfunika.

Mimi ni kinyozi, nimepanga chumba na sebule Mtanda, Lindi mjini. Mwenye nyumba ameniruhusu kwa mdomo kunyolea barazani. Umeme ni wa nyumba nzima. Je, ninahitaji leseni, na umeme huo unaruhusiwa?
*Kijana wa Mtanda*

Unahitaji, kijana wangu, na kabla ya leseni unahitaji ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo inadumu hadi siku atakapopata mpangaji anayelipa zaidi, na Halmashauri haiwezi kuipokea kama uthibitisho wa mahali. Mkataba usiwe mrefu. Utaje baraza hilo kuwa ni sehemu ya kazi ya kunyoa, utaje kodi, muda, na namna ya kulipa umeme. Mwombe mwenyekiti wa mtaa awe shahidi.

Leseni yako itataja mahali hapo. Ukihamia Rahaleo mwaka kesho hutaibeba tu ukutani kama saa. Utarudi kwa Afisa Biashara kwa ajili ya mahali papya. Leseni hudumu kwa miezi 12, iwekwe mahali inapoonekana, na usiseme iko kwa mama.

Kuhusu umeme, mita ya nyumba ya watu wenye matumizi madogo huwa kwenye kundi la D1, ambalo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Mashine za kunyolea hazili umeme mwingi, lakini feni, taa kali, redio na pasi ya kukausha taulo vinaweza kuitoa nyumba nzima kwenye kundi hilo na kuipeleka T1, ambako bei ya uniti ni kubwa zaidi. Hapo ndipo ugomvi wa wapangaji huanza, na wewe ndiye utakayelaumiwa. Ni afadhali muombe TANESCO mita yako ya kazi. Afisa Afya naye atataka kuona jinsi unavyosafisha mashine na kutunza wembe, na ana sababu.

Kodi isikutishe. Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo. Nunua daftari la kurasa mia moja, andika kila kichwa ulichonyoa na bei yake. Siku utakapoitwa kukadiriwa, daftari hilo litakutetea kuliko maneno.

Jirani yangu Masasi amefungua karakana ya kuchomelea uani. Anaanza saa kumi na mbili asubuhi, na mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Moto wa welding unaonekana dirishani kwangu. Anasema ana leseni.
*Muuguzi, Masasi*

Dada yangu, leseni inamruhusu kufanya biashara, haimruhusu kukukosesha usingizi wala kukuumiza macho. Hayo ni mambo mawili, na hata mwenye leseni halali anaweza kuzuiwa kwa kelele na kero chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo.

Anza na yeye mwenyewe, ukiwa umelala vizuri na si saa moja asubuhi umetoka zamu. Mweleze ratiba yako, mwombe aanze saa tatu, aweke ukuta au bati la kuzuia mwanga upande wako, na mageti makubwa ayachomelee mahali pengine. Mafundi wengi hukubali kwa sababu ugomvi na jirani huwafukuza wateja. Asipokubali, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa mkae pamoja, kisha kwa maofisa wa afya na mazingira wa Halmashauri ya Mji, na likishindikana huko kuna ofisi ya NEMC, baraza la mazingira, ya Kanda ya Kusini iliyopo Mtwara. Andika tarehe na saa za kila usumbufu. Malalamiko yenye tarehe husikilizwa kuliko yenye hasira.

Upande wa mipango miji, karakana ya kuchomelea mahali pake ni eneo lililotengwa kwa viwanda vidogo. Muulize Afisa Mipango Miji kama kiwanja hicho kimeruhusiwa kwa kazi hiyo. Kama leseni ilitolewa kwa maelezo kwamba ni "duka la vifaa" na kazi ni ya karakana, basi leseni hiyo ina tatizo lake yenyewe.

Nina genge la nyanya na mkaa barazani, kijiji kimoja Tandahimba. Na mimi nitafute leseni na hati?
*Mwenye genge, Tandahimba*

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Halmashauri ya Kijiji, kwa hiyo mambo ya mchoro wa mji hayakuhusu isipokuwa kijiji chenu kiwe kimetangazwa kuwa eneo la upangaji. Kwa ukubwa wa genge, kinachokufaa zaidi ni kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo. Muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ushuru mwingine utategemea sheria ndogo za Halmashauri ya Wilaya, na una haki ya kuonyeshwa sheria ndogo yenyewe kabla ya kulipa, na kupewa risiti baada ya kulipa. Mkaa ni suala jingine: mzigo wake uwe na kibali cha mazao ya misitu, la sivyo utakamatwa wewe mwenye genge na aliyeuchoma atakuwa amekwisha kurudi porini.

Msimu wa mabibo ninatengeneza uraka. Watu wananiambia nikikata leseni ya biashara ninaweza kuuzia nyumbani. Ni kweli?
*Mama wa Nachingwea*

Si kweli, mama. Pombe, hata ya asili, ina leseni yake chini ya Sheria ya Vileo, tofauti na leseni ya biashara ya kawaida, na hutolewa baada ya mahali kukaguliwa. Nyumba wanayolala watoto, yenye mlango mmoja wa kuingilia wanywaji na wanafamilia, haitapita ukaguzi huo. Kama uraka wako ni wa kunywa na wageni wako wa nyumbani, hilo si biashara. Lakini ukiupitisha kwenye pipa na mrija ukatoka gongo, ambayo wengi huku huiita nipa, hapo hakuna leseni unayoweza kuiomba, kwa sababu utengenezaji huo umekatazwa kwa mtu binafsi tangu miaka ya 1960. Mabibo hayo hayo yanatoa juisi na jemu, na SIDO Lindi wanaweza kukuelekeza jinsi ya kuyatengeneza. Ukitaka njia hiyo, rudi juu usome nilichomwandikia mama wa Likombe, kuanzia kwenye barua ya Afisa Mipango Miji.